Chumba Changu Hakina Giza

Brăila,
12 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Saveta,

Hujambo huko Uhispania? Mgongo unaendeleaje, na yule mzee unayemtunza anakuacha ulale? Mimi ni mzima isipokuwa goti, na goti hilo ndilo limezua maneno.

Mwezi uliopita nilijigonga kwenye kabati la chumbani. Unakijua chumba changu: dirisha linatazama kaskazini, na mti wa jirani umelimeza. Mwanangu Horia aliposikia, ukawa wimbo. "Mama, chumba kile ni pango. Utavunjika nyonga. Tuuze nyumba, uje ukae na sisi huku mjini Timișoara." Nikamwambia giza haliuziwi nyumba, linanunuliwa balbu. Akacheka. Saveta, nilikasirika sana.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Unakumbuka miaka ya mgao wa umeme, balbu moja ya wati arobaini kila chumba kwa amri ya serikali, basi? Serikali ile ilianguka, marehemu mume wangu Sandu akaendelea kuitii mpaka anaingia kaburini. Nami nikaenda dukani nikaagiza arobaini kwa mazoea. Kumbe arobaini ya balbu za siku hizi ni ya kumulika ghala. Nilipoiwasha tu, Frosa wa jengo la mkabala akapiga simu: "Wee Veturia, umefungua chumba cha upasuaji? Nina mawe kwenye nyongo, nije?"

Nikairudisha. Otilia, binti muuzaji, alinielekeza bila kunidharau. Wati ni umeme unaoliwa; mwanga una kipimo chake, lumeni, nacho kimeandikwa kwenye boksi. Kwa chumba kama changu, akasema, balbu mbili za lumeni mia nane juu, na ndogo kando ya kitanda. "Na uchukue mwanga wa njano, mama. Ule mweupe utakufukuzia usingizi."

Nilizima umeme, nikapanda ngazi nikafunga balbu mwenyewe. Horia asijue habari ya ngazi.

Jumapili akaja. Alikula sarmale zangu za nyama na majani ya kabichi sahani mbili, akajifuta mdomo, akatoa karatasi za kuuza nyumba. Mnunuzi alishapatikana. "Tia sahihi tu, Mama. Ni mambo ya kawaida."

Nikaingia nazo chumbani, nikawasha taa zote. Nilisoma kila ukurasa, hadi maandishi madogo ya chini kabisa. Yalisema funguo zikabidhiwe kabla ya Krismasi. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Horia alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwonyesha mstari ule. Akasema hakuuona.

"Njoo ukae hapa, mwanangu," nikamwambia, "huku kuna mwanga."

Akakaa, akausoma. Kisha akazikunja karatasi akazirudisha mfukoni, bila sahihi.

Nisalimie shemeji Doru na mabinti zako wote wawili, na umwambie yule mdogo ale. Mama wa Mungu akufunike kwa vazi lake.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ambaye anwani yake haijabadilika,

Veturia