Nani Ampakate Mtoto

Marahaba, mjukuu wangu Zena. Salamu zako zimefika hapa Dodoma. Mama yako amepona kifua, na jamvi letu la karata bado linajaa kila Alhamisi mchana.

Umeniuliza kama mwenzako akikukonyeza kukujulisha kuwa ana turufu, uipokee ishara yake. Nisikilize basi.

Wakati wa Mjerumani babu yako alifanya kazi ya reli. Nilikuwa mgeni hapa, nimetoka Kondoa na mama yako mchanga mgongoni. Wanawake wa kambi ya reli wakanikaribisha kucheza karata, wawili kwa wawili. Nilifurahi mno, maana sikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Mwenzangu, Mama Rehema, akasema, "Lete mtoto nimpakate."

Kila Mama Rehema alipokuwa na turufu, mtoto alilia. Mara ya pili nikaviona vidole vyake pajani pa mtoto. Alikuwa anamfinya ili mimi nijue.

Nikamchukua mwanangu, nikampa mpinzani wetu, Bi Chausiku. "Mpakate wewe."

"We bibie!" Mama Rehema akafoka. "Utafanya tufungwe!"

"Tufungwe tu."

Tukafungwa vibaya, wakatucheka, na Mama Rehema akaapa hachezi nami tena. Nililia njia nzima. Lakini kesho yake nilikwenda bila kuitwa, nikaketi pale pale. Kisha Bi Chausiku akanyoosha mikono. "Haya, mlete huyo mtoto, tugawe karata."

Bibi yako akupendaye,
Mwanaidi