Maswali ya Darasa kwa Kibanio

Kwako Kibanio,

Pokea salamu za mama yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri, na kile kikohozi chako cha utotoni kilishakuacha. Mimi nipo. Magoti yamegoma na macho yanafifia, lakini mikono bado inakamua shuka bila kumwita mtu aje kushika upande wa pili. Ukiona hati imepinda usicheke. Niliishia darasa la tatu, unajua, na hii ni karatasi ya saba. Sita nimezitia motoni.

Usishangae nimekujuaje. Mwalimu na darasa zima wamekuna vichwa muhula mzima: huyu Kibanio aliyeandika kitabu wanachosoma ni nani, ni mwanamume au mwanamke, yu hai au alishakufa, mbona kitabu hakina picha yake wala anwani? Mimi nilisikia jina tu, pasi ikaniganda mkononi mpaka nikaunguza foronya ya watu. Nani mwingine duniani aliitwa Kibanio, kama si mtoto wangu aliyekuwa akinifuata kambani na vibanio vya nguo vimemjaa mdomoni?

Sasa nisikilize, na usiichane barua hii kabla hujafika mwisho. Nimebakiwa na siku nne. Ijumaa bahasha ya shule inatumwa kwako, na nisiposema kweli kabla ya siku hiyo, nitampoteza mtoto ninayeishi naye kama nilivyokupoteza wewe. Mtoto huyo ni nani, nitakwambia. Usinikimbize. Wewe uliandika kurasa mia mbili na arobaini na hakuna aliyekukimbiza.

Ni msichana wa miaka kumi na tano, kidato cha pili. Namwita Mdadisi, maana tangu ajue kusema hajamaliza siku bila kuuliza kwa nini. Mwalimu wao wa fasihi ni kijana mwembamba mwenye sauti ya mtu mnene. Aliwagawia kitabu chako, kitabu kimoja watoto watatu, akachora mstari katikati ya ubao. Upande huu yaliyomo kitabuni, upande ule yanayoweza kuwa maisha ya mwandishi. Akasema hataki kubahatisha, anataka ushahidi. Kikundi kimoja kikasema mwandishi ni mwanamume, kwani mwanamke asingemsema mama yake namna ile. Kingine kikasema ni nesi, kwa sababu ya sura ya surua. Mdadisi akasimama akawaambia wote wamepotea, huyu ni mtoto wa dobi. Wakamcheka sana. Wakasema kwa kuwa yeye analelewa na dobi, basi hata rais lazima awe dobi.

Akawasomea ushahidi kutoka kitabuni. Shati hupigwa pasi kwa kuanza kola, yafuate mabega, kisha mikono, kifua mwisho. Nguo ya mtoto mchanga haitiwi wanga kwa sababu humchubua shingo. Shuka za nyumba ya wageni hutiwa alama ya uzi mwekundu, mishono miwili na fundo, kona ya kushoto. Kesho yake akaniibia shuka kambani akaenda nayo darasani. Mishono miwili na fundo. Jioni akaniuliza kama madobi wote hufanya hivyo. Nikamwambia wote, tena tangu zamani, na aache kuchezea kazi za watu. Alama ile niliibuni mimi, na wewe ndiye uliyekuwa ukinitungia uzi sindanoni.

Alikuwa akinisomea kitabu chako huku napiga pasi. Hivi unajua kukaa na kusikia unavyosemwa kwa Kiswahili kizuri? Yule mama wa kitabuni ana ulimi kama kiwembe, hasamehi, anamfukuza binti yake na kubaki na mtoto mchanga wa binti huyo. Mdadisi anasoma, mimi nagandamiza pasi. Siku moja nikasema kwa hasira kwamba binti naye alikuwa na mdomo, alimwambia mama yake hataki kuzeekea karaini kama yeye, mbona hilo mwandishi hakuliandika? Mdadisi akafunua kurasa, akasema kweli halimo, Bibi, wewe umelipata wapi? Nikamtuma dukani.

Lililoniponza hasa ni mwaliko. Mwalimu alitaka dobi wa kweli aje darasani kuthibitisha yaliyoandikwa. Ningekataa, lakini unanijua. Mtu anaponiambia hakuna mwingine anayeijua kazi hii kama mimi, kichwa kinavimba. Nikavaa gauni langu la kijani, nikakaa kwenye kiti cha mwalimu mbele ya watoto arobaini, nikawaeleza bluu ya nguo, wanga, makaa ya pasi, na namna ya kutoa doa la wino. Waliandika kila kitu. Nilijiona profesa.

Ndipo msichana mmoja wa mbele akasoma pale mama anapozitupa nguo za binti yake matopeni, chafu zilivyo, akaniuliza kama dobi angeweza kufanya hivyo. Kibanio, mwanangu, kwa nini uliandika uongo ule? Nilisimama. Nikasema mimi sijawahi kumtolea mtu nguo chafu maishani mwangu, nguo zile zilikuwa zimefuliwa, nikazipiga pasi mwenyewe, nikazikunja ndani ya kikapu, na gauni la bluu lilikuwa juu ili lisikunjamane. Na matope yalitoka wapi wakati mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima?

Mwalimu akapiga makofi, akasema Bibi ameingia ndani ya hadithi, hivi ndivyo msomaji anavyopaswa kusoma. Wote wakapiga makofi. Mdadisi hakupiga. Alikuwa ameshika kalamu, ananiangalia kama anavyoangalia hesabu iliyokataa kutoka.

Njia nzima kurudi nyumbani hakuuliza kitu. Hapo nikajua nimekwisha.

Jumamosi iliyofuata akaondoka asubuhi na daftari na ile tepu yangu ya kupimia mapazia. Aliporudi, magoti yake yalikuwa na udongo mwekundu. Akakaa kwenye kigoda, akafungua sura ya tisa, akanisomea polepole pale binti aliyetaka kumchukua mtoto wake anaporudi baada ya mwaka, ameshaambiwa mtoto alikufa kwa surua, anapelekwa makaburini. Kaburi liko kando ya ukuta uliobomoka, limezungushiwa mawe manane, fupi kama meza ya pasi. Kisha akasoma pale wanaporudi nyumbani, binti anasikia mtoto akilia nyuma ya ukuta, kwa fundi viatu, anauliza ni wa nani, anaambiwa ni wa jirani. Mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba kilio kile si cha mtoto wa kweli, ni uchungu wa mama. Mdadisi akaniambia yeye hakubaliani na mwalimu.

Halafu akafunga kitabu, akaniuliza mama yake alikuwa na urefu gani.

Kwa sababu tangu ana miaka sita, Kibanio, kila mwisho wa mwaka mimi na yeye tunakwenda kung'oa majani kwenye kaburi la mama yake. Liko kando ya ukuta uliobomoka. Lina mawe manane. Amelipima kwa tepu, sentimita tisini na mbili.

Nikamwambia udongo hudidimia. Akasema haudidimii kwa urefu. Nikamfokea, nikamwambia hana adabu, nimemlea kwa mikono iliyochubuka na sasa ananipima kama fundi mapazia. Tangu siku hiyo ananiamkia asubuhi, anafagia, anateka maji, anakwenda shule, na hajaniuliza swali hata moja. Ungekuwa unamjua ungeelewa. Nyumba imekuwa kama imetoka msiba.

Wiki iliyopita mwalimu alipata jibu kutoka kwa waliochapa kitabu. Wamesema mwandishi haonani na watu wala hatoi jina lake, ila amekubali kupokea barua moja ya darasa na kujibu maswali kumi na mawili. Mdadisi ndiye aliyechaguliwa kuyaandika, kwa hati yake nzuri, na bahasha iko naye. Aliyaacha mezani makusudi niyaone. Kumi na moja ni ya watoto wenzake: ulianza lini kuandika, kwa nini unajificha, je, utaandika kingine. La kumi na mbili ni lake. Anakuuliza hivi: yule mtoto aliyekuwa akilia nyuma ya ukuta, ulikwenda kumtazama?

Hukwenda. Ungekwenda ungemwona.

Haya, nimefika. Kalamu imenilowa jasho. Mwanao hakufa. Surua ilimkamata kweli, wiki mbili nilimbeba usiku na mchana, nilimtafunia chakula na kumtia mdomoni kama ndege. Alipopona alikuwa ananiita mama. Na wiki hiyohiyo dereva wa lori akaniletea salamu zako, kwamba umepata kazi na chumba, unakuja kumchukua. Nilikaa na salamu zile siku tatu. Nilijiambia huyu aliyesema hataki kuzeekea karaini, sasa anataka na mtoto niliyemrudisha kutoka mlangoni pa kifo. Nikamjibu kupitia dereva yuleyule kwamba umechelewa, tumeshazika.

Nilidhani utalia hukohuko uliko. Hukulia huko, ulipanda lori ukaja. Ndipo nikampeleka mtoto kwa mke wa fundi viatu, nikamwambia amfunike mdomo ikibidi. Nikakupeleka kwenye kaburi la mtoto wa watu. Sijui wa nani. Nilikuwa nimeliona bichi siku nilipopita kupeleka shuka. Ulipiga magoti, ukayapanga yale mawe manane moja moja kwa mikono yako, na mimi nilisimama nyuma yako nikiwa na nafasi ya kusema, muda wote ule, jiwe la kwanza mpaka la nane, na sikusema. Uliandika kwamba mama hakulia kaburini kwa sababu moyo wake ulikuwa wa chuma. Sikulia kwa sababu ningelia ningesema.

Na huyu alipoanza shule, wenzake wakamtania kwamba mama yake alimtupa, akarudi analia. Nikamwambia hukumtupa, ulikufa. Akataka kuona kaburi. Sikuwa na jingine. Miguu ilinipeleka palepale. Kwa miaka tisa mtoto wako amekuwa akikung'olea majani wewe, juu ya kaburi ulilozungushia mawe ukimlilia yeye. Mke wa fundi viatu alishafariki, fundi alihama. Hakuna mwingine anayejua. Ningeweza kufa nalo. Kama usingeandika kitabu ningekufa nalo, na wangesema marehemu alikuwa mchapakazi.

Siombi unisamehe. Ukinisamehe haraka nitadhani hukuelewa nilichokuandikia. Naomba ujibu. Si kwa yale mambo yenu ya wachapaji, jibu baada ya wiki sita mpaka nane. Jibu mara moja. Njoo kama unaweza kupanda gari. Mtoto huyu akibaki na mimi peke yangu baada ya kujua haya, sijui atashika nini. Ana urefu wako. Ana kidevu chako, akikasirika kinatangulia mbele. Anapenda maandazi ya jana kuliko ya leo, wala usimuulize kwa nini. Akikuuliza juu yangu, mwambie yote. Usinitetee na usiongeze, ila yale matope yafute, nakusihi, hayakuwepo.

Barua hii siifungi kwa gundi. Nimejaribu kumwambia kwa mdomo tangu wiki iliyopita. Nikifungua mdomo inatoka amri: kaoge, inua ndoo, viatu hivyo. Kwa hiyo nitamkabidhi Mdadisi aitie mwenyewe kwenye bahasha ya shule, na nitamwambia aisome kwanza. Wewe ukifika mstari huu, yeye ameshapita hapa. Kama barua imekufikia, jua ni yeye aliyeamua ikufikie. Angeweza kuichoma, na angekuwa na haki.

Wasalimie ulio nao, mume kama yupo, watoto kama wapo, waambie wana bibi asiyefaa ila anajua kufua. Kazini kwako wape heshima zangu. Kikohozi kikirudi chemsha tangawizi, usidharau.

Nawe Mdadisi, najua unaisoma hii umesimama. Kaa chini. Mimi niko uani na karai langu, sitoki, na leo sitakutuma popote. Ukimaliza njoo unigombeze. Anza na swali lolote unalotaka.

Ni mimi,
mama yake, bibi yako.