Swali Nililolifuta Mbele ya Wageni

Dada yangu Rejina,

Barua hii sitaki mtu mwingine aniandikie. Padri amekwisha kunipaka mafuta ya wagonjwa. Dhambi nyingine nimezisema kwake. Hii ni yako, naileta kwako.

Unakumbuka uchaguzi wa kwanza, wagombea walipokuja hapa Burungu kubishana mbele ya watu. Mimi mwalimu ndiye niliyeandika maswali, maana wengi hawakujua kuandika. Ulikuja na lako moja: nani kati yao, akifika kwenye meza ya wakubwa wa dunia, atasema kwamba huku watu wanazikwa kwa kukosa chakula na dawa? Nikaliandika. Kisha ukaniambia, "Kaka, wageni wakule sombe yetu, majani ya muhogo hivi hivi bila chumvi. Hapo njo wataelewa."

Nilikasirika. "Unataka tuonekane waombaji?"

"Njo vile tuko, kaka."

Kwetu si adabu kumwonyesha mgeni njaa ya nyumba. Tulipokuwa watoto baba alitutoa nje mgeni akila, tusimwangalie mdomo. Adabu hiyo nikaishika mpaka ikawa ukatili. Nilipita nyumba kwa nyumba nikikusanya chakula cha wageni, na kwako nikachukua mbuzi wako wa pekee. Hukubisha. Ulimfungua kamba mwenyewe.

Wagombea wakala. Mmoja akapangusa mdomo, akacheka: "Mbuzi ya mafuta hivi! Burungu haiko na maskini hata mumoja!" Watu wakapiga makofi, Rejina. Watu ambao hawakuwa wamekula tangu jana yake. Nami nikachukua kalamu, nikalifuta swali lako. Mchana kutwa walibishania mipaka ya jimbo na nani atakalia kiti gani. Wewe ulikaa mbele, kwenye majani, ukingoja jina lako litajwe.

Baadaye nikakuambia wagombea wamelikataa swali lako. Uliniamini. Mvua zilizofuata, kifua kilipokushika, hukuwa na mbuzi wa kuuza upate dawa. Kwenye kilio chako nikaurudia uongo ule, watu wakawalaani wagombea, na mimi nikaketi kwenye mkeka nikipewa pole.

Tangu uende, mambo yamezidi. Vita vimepita vilimani, maharagwe yameungua shambani, majirani wamekimbilia Kitshanga na hawajarudi. Sasa uchaguzi mwingine umefika. Wagombea watakuja Jumapili baada ya misa, na watu wameanza kuulizana mbuzi atatoka kwa nani.

Juzi nilimwita binti yako Anjelani, nikamweleza yote. Alitoka akapasua kuni mpaka zikaisha. Aliporudi alisema tu, "Mjomba, swali ya mama nitauliza mimi mwenyewe. Wewe utasema ni nani aliifuta."

Nitasema. Hata wakinipeleka kwa machela, nitasema, kabla wageni hawajanawa mikono. Na kama nitakufa kabla ya Jumapili, Anjelani anajua kila kitu. Atasema na neno langu.

Pumzika, dada. Msamaha siuombi leo. Nitauomba tukionana, nikiwa nimesikia walivyokujibu.

Kaka yako,
Filipo