Mafuta Kichwani kwa Mtoto Asiyekuwepo

Garissa, Alhamisi, kiangazi cha 1966

Jua la leo halina adabu. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye unga. Nywele zangu zimeloa mafuta, vumbi limeganda juu yake, na sina nguvu ya kuzichana.

Leo nimemwagiwa mafuta kichwani kwa ajili ya mtoto asiyekuwepo.

Naandika Kiswahili kwa sababu humu nyumbani hakuna anayekisoma. Nilisomea Mombasa, kwa mjomba wangu, kabla ya kuolewa. Mama mkwe wangu, Dahabo, akiniona na kalamu hudhani namwandikia mwanawe, basi huniacha kwa amani. Barua zenyewe hazifiki. Mume wangu Abdi alikwenda kuuza mbuzi upande wa Wajir kabla barabara haijafungwa kwa sababu ya vita, na sasa amekwama Tarbaj akisubiri kibali. Kila tukisikia yuko njiani, tunasikia tena kuna lori limepigwa risasi, barabara imefungwa upya, na watu wamerudishwa walikotoka. Kwa hiyo tumebaki wawili, mimi na mama yake, na kafyu inatufungia ndani kabla kuku hawajalala.

Ni miaka mitano tangu niolewe. Mwaka jana mama mkwe alianza kumtaja binti mmoja wa Balambala, mtoto wa jamaa zao, mwenye nyonga pana na mama aliyezaa tisa. Alimtaja wakati wa chai, wakati wa kupepeta mchele, hata wakati ananionea huruma. Kisha tumbo langu likaanza kutokeza, na binti wa Balambala hakutajwa tena.

Sikusema nina mimba. Walisema wao. Mimi nilinyamaza, na humu ndani kunyamaza kwangu kulitosha.

Hapa kwetu mama humwita mtoto wake "hooyo", yaani mama, neno lile lile ambalo mtoto anamwitia yeye. Miaka yote hii Dahabo alikuwa akiniita "mke wa Abdi", hata nikiwa nimesimama mbele yake. Tumbo lilipotokeza akaanza kuniita hooyo. Hooyo, kula. Hooyo, usibebe maji. Ni aibu kusema hivi, lakini ningeweza kunyamaza mwaka mzima kwa ajili ya neno hilo.

Na huku damu inatoka.

Haijakoma hata mwezi mmoja. Zamani ilikuwa inakuja na kuondoka kama ya wanawake wengine. Sasa inakuja haiondoki, na ikitoka hutoka na mabonge mazito kama maini. Kiuno kinaniuma, kibofu hakinipi nafasi, nikisimama ghafla dunia inazunguka. Nimekuwa na hamu ya kula udongo wa ukutani, na wanawake wakinikuta nalamba kidole wanachekelea wanasema mtoto anataka. Mtoto gani. Ni mwili wangu unaotafuta damu yake.

Kuficha ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Mtoni hatuendi tena ovyo, tunakwenda kwa kundi na askari anatutazama, kwa hiyo nimekuwa nikifua vitambaa kwa maji ya kunywa na kuvianika chini ya godoro, huko visikokauka vizuri. Vina harufu. Nimechoma ubani mpaka mama mkwe akanisifu kwa usafi.

Lakini lililonitesa zaidi ni sala. Mwenye hedhi hasali, na mwenye mimba hana hedhi. Sasa nitakaaje chini wakati mama mkwe anatandika mkeka na kunisogezea nafasi? Nikawa nasimama kando yake, nainama, nainuka, nagusa paji chini, na mdomo sikuufungua. Niliinama kama mtu anayeokota punje sakafuni. Mara tano kwa siku nilikuwa bega kwa bega na mtu mwingine, na sijawahi kuwa peke yangu kiasi kile.

Wiki iliyopita nilikwenda hospitali. Mama mkwe alinitia wanja mwenyewe, akidhani naenda kupimwa mtoto. Daktari alinibonyeza tumbo, akasikiliza na ile tarumbeta yake ya mti, akabonyeza tena. Akasema hakuna mtoto. Ni uvimbe, umeota kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, si saratani kwa anavyoona yeye, na wanawake wengi wanao bila hata kujua. Wangu umekuwa mkubwa na ndio unaoleta damu yote hii. Akanivuta kope chini, akaangalia ndani, akaguna. Alisema nikiendelea hivi sitabaki na damu ya kunisimamisha. Lazima nipasuliwe, na hapa hawawezi, mpaka Nairobi. Nikamuuliza kama wataacha mfuko. Alisema watajaribu kuutoa uvimbe peke yake, lakini mpaka wafungue ndipo watajua.

Muuguzi aliyekuwa akinifunga vitambaa ni mama wa Kilamu, Bi Zuhura. Nilimwambia habari ya mkeka. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, labda kwa kuwa sauti yake ilinikumbusha Mombasa. Akasema, "Mwanangu, damu iliyopita siku zake si hedhi, ni istihadha, ni ugonjwa. Oga, jifunge vizuri, tia udhu kwa kila sala, usali. Nani amekuambia Mungu amekufungia mlango?" Nililia palepale mezani kwao. Tangu siku ile nasali kweli.

Msafara wa malori unaosindikizwa na askari unaondoka keshokutwa, Jumamosi, na hospitali imeniombea nafasi moja. Ila kuvuka daraja la mto kwenda Nairobi kunataka kibali, na mwanamke hapati kibali mpaka mtu wa nyumba yake aende ofisini kusema amekubali. Mtu wa nyumba yangu yuko Tarbaj. Aliyebaki ni mama yake. Ilikuwa nimwambie tangu Jumapili, na kila siku nikasema kesho.

Basi leo akanishtukiza. Alikuwa amepanga madaxshub, ile desturi ya kumpaka mafuta mwanamke aliyekaribia kujifungua. Wanawake humzunguka, humsifu Mama Hawa na Bibi Fatuma kwa nyimbo, humwagia mafuta mazuri kichwani na kumwombea azae salama. Sijui mafuta aliyapata wapi wakati huu wa taabu. Alichinja mbuzi wetu wa maziwa. Wanawake walikuja asubuhi ili wawahi kurudi kwao, wakajaa chumbani, na Eeddo Khadra, yaani shangazi Khadra, dada yake marehemu baba mkwe, akaanzisha wimbo kwa ile sauti yake nene.

Nitasema ukweli. Nilifurahi. Mafuta yalishuka masikioni yakiwa na uvuguvugu, mikono mingi ilikuwa kichwani kwangu, na sikumbuki mara ya mwisho mtu kunigusa namna ile. Nilifumba macho. Nilijisemea acha wamalize, nitawaambia wakishakula.

Mwili haukusubiri.

Nilisikia bonge linatoka, kisha jingine, kisha moto unapita mapajani. Nikabana miguu. Wimbo uliendelea kidogo, halafu ukakatika upande mmoja, halafu pote. Nilipofungua macho wote walikuwa wanautazama mkeka.

"Mimba imetoka," alisema mmoja wao.

Wakanivamia. Walinikumbatia, wakanilaza, wakalia na mimi, machozi yao yakinidondokea usoni. Mwingine alinibusu mkono. Nilikumbatiwa leo zaidi kuliko miaka mitano yote, na kilichokuwa kinaliliwa hakikuwepo. Nilikuwa katikati yao kama mgeni kwenye msiba wangu mwenyewe.

Mama mkwe hakulia. Alipiga magoti, akaweka kiganja chini ya kitovu changu, akabonyeza taratibu kama anayetafuta jiwe kwenye gunia. Nikauona uso wake unabadilika.

"Yuko," akasema. "Mguseni. Mgumu vilevile. Ameshikilia, bado yuko."

Vigelegele vikapasua chumba.

Hapo ndipo niliposhindwa. Kama angelia ningeweza kunyamaza. Lakini ule uso wake, ile furaha ya mtu mzima inayotetemeka, sikuweza kuibeba mpaka Jumamosi.

"Hooyo," nikamwambia, "si mtoto. Ni uvimbe. Daktari amesikiliza, hakuna moyo humo."

"Anaweweseka," alisema Eeddo Khadra. "Damu imemwisha, mpeni samli."

"Siweweseki, Eeddo. Hedhi yangu haijawahi kukoma."

Mama mkwe alikuwa bado na kiganja tumboni kwangu. Hakuuliza habari ya daktari. Hakuuliza habari ya mimba. Aliuliza moja tu.

"Si nimekuona ukisali?"

"Nilikuwa nainama tu, Hooyo. Mpaka wiki iliyopita nilikuwa nainama tu. Sikutaka ujue."

Akauondoa mkono wake.

Nikasema yaliyobaki kwa haraka, lori, Jumamosi, kibali, lazima aje ofisini, na kwamba huenda nikarudi bila mfuko kabisa. Nilikuwa nasema na ukuta. Wanawake waliondoka mmoja mmoja bila kuaga vizuri. Nyama hawakuiacha, njaa ya siku hizi hairuhusu, waliibeba kimya ndani ya mabakuli waliyokuja nayo. Eeddo Khadra ndiye aliyebaki nyuma akanisaidia kubadilisha nguo, na hata yeye hakunitazama machoni.

Mchana wote nimelala peke yangu nikimsikia mama mkwe upande wa pili wa pazia. Alifungua sanduku. Baadaye nikasikia kitambaa kinachanwa. Kinachanwa, kimya, kinachanwa tena.

Niliijua sauti ile kabla sijaona. Mwezi uliopita Abdi aliletewa habari kwamba mkewe ana mimba, akampa dereva mmoja kitambaa cheupe cha marekani atuletee, laini kilichofuliwa tayari, cha kumfunikia mtoto. Mama yake alikinusa, akakikunja vizuri, akakifungia sandukuni. Ndicho alichokuwa akikichana. Nilifunika uso kwa shuka. Nilijua binti wa Balambala amesharudi humu ndani.

Magharibi nilitia udhu, nikajifunga, nikaenda kwenye mkeka kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Nilitegemea anifukuze. Nikamweleza, bila kumwangalia, maneno ya yule mama wa Kilamu juu ya damu ya ugonjwa. Mama mkwe alisogea kidogo, kiasi cha mtu mmoja kusimama, akaanza kusali. Leo nilisoma kwa sauti, na yeye akasikia.

Alipomaliza aliingia nyuma ya pazia, akatoka na kifurushi, akakiweka miguuni pangu.

"Kesho ofisini mapema, kabla jua halijawa kali," akasema. "Vaa viatu vya kufunga, chini kuna miba."

Akaenda kulala. Hakuniita hooyo. Hakuniita hata mke wa Abdi.

Nimekifungua kifurushi. Ni kile kitambaa cha mtoto, kimechanwa vipande virefu vya kujifungia safarini, vya kukunjika mara mbili. Nilidhani amekichana kwa hasira. Nikapitisha kidole pembeni. Amevipinda vyote, kipande baada ya kipande, kwa mishono midogo ya mtu ambaye macho yake hayaoni vizuri tena, ili nyuzi zisinichubue.

Kwa hiyo ndicho alichokuwa akifanya mchana kutwa, nami nalia upande wa pili.

Lori lina nafasi moja. Nitavuka daraja peke yangu, nitalazwa kati ya watu nisiowajua, na nikizinduka huenda nikaambiwa hakuna tena kitu cha kusubiri. Abdi ataambiwa na mama yake, kwa maneno nisiyoyajua, huko Tarbaj ambako hata sauti yangu haifiki. Naogopa. Lakini nitakwenda, na vitambaa hivi nitavifunga kifuani, si kwenye mzigo.

Nikirudi na tumbo bapa, ataniitaje?