Oili ya Kwenye Karai

Alhamisi, 12/3/87

Ndeti mjukuu wangu,

Ukirudi na baiskeli ya jirani, soma hapa kabla hujamfuata fundi Njogu huko Kabati. Muthokoi uko kwa sufuria, nimeufunika. Mbuzi wabaki wamefungwa.

Njogu hajaua injini ya pikipiki. Gasketi aliyoweka inavuja, ndiyo, lakini kosa ni langu. Kila asubuhi mimi ndiye huchuja ile oili iliyodondoka kwa karai usiku na kuirudisha ndani. Leo ilikuwa vikombe vitatu vizima, nyeusi tititi. Nikaona mchwa wamepanda miguu ya ghala mpaka karibu na mahindi. Nikaipaka yote pale, vile sisi hupaka oili chafu siku zote. Ukaniuliza, "Susu, umerudisha?" Nikasema eeh, kwa sababu ulikuwa umechelewa, na nikadhani injini itavumilia siku moja tu.

Saa tatu nikakuona ukiisukuma pikipiki ya marehemu babu yako, kiki imekataa kukanyagika. Ukasema leo Njogu atakujua mbele ya wateja wake. Ukaenda kuazima baiskeli, nami nikatafuta kalamu.

~~Nitakutafutia oili nyingine.~~ Hata mimi najua hiyo haitaifufua.

Nimetangulia kwa miguu kumwambia Njogu ukweli. Kwa baiskeli utanifikia kabla ya mto. Usinipite bila kuniongelesha, hata kama ni kunigombeza.

Ni mimi susu wako