Majani ya Kando ya Zizi

Mjukuu wangu Chepkoech,

Habari ya Mombasa na joto lake? Huku Kapkatet tuko salama. Mvua imerudi, chai imechipuka, na yule ng'ombe wako amezaa ndama jike.

Simu ilikatika ukiniuliza ni majani gani mama yangu alitutilia tukiumwa na masikio, maana mtoto wako halali. Nayajua. Bado yanaota kando ya zizi.

Lakini kwanza nisikilize: ndugu yangu Kiprono alipokuwa mdogo, sikio la kushoto lilimuuma sana. Mama akayapasha majani hayo kwenye majivu, akamkamulia matone vuguvugu. Asubuhi usaha ulikuwa umetoka na Kiprono anacheka. Tulimshukuru Mungu, na majirani wakaja kuomba majani.

Miaka mingi baadaye nilimpeleka babako hospitali kwa shida hiyo hiyo. Daktari akaniambia maumivu ya sikio huweza kuisha ghafla kwa sababu ngozi ya ndani imepasuka. Mama tulikuwa tumeshamzika.

Mpeleke mtoto hospitali leo, mama. Usimtilie kitu sikioni. Njiani mshikilie shavu kwa mkono wako, joto lake litamtuliza.

Mkiwa wadogo mlisema babu Kiprono ana maringo, haitikii salamu. Mlikuwa mnamsalimia upande wa kushoto. Mpaka leo huwasimulia watu vile mama alimponya, huku amewageuzia sikio la kulia.

Ni mimi kogo wako,
Tapsubei