Bwawa nyuma ya jiko

Jumapili. Jua linawaka lakini baridi ya Joburg haina habari nalo, na mimi nimejifunika blanketi hapa Doornfontein mchana kweupe. Nimechoka mpaka basi. Jana nilisuka vichwa vitatu, misuko ile midogo midogo, na leo vidole havitaki hata kushika kikombe.

Lakini si vidole vinavyoniuma.

Kuna nyumba ambayo mimi na binti yangu Neema tumekuwa tukiijenga kwenye tableti tangu shule zifungwe. Ni mchezo ule wa watoto, unapanga matofali mpaka unapata dunia nzima. Neema alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, ila akijibu ni Kiingereza au Kizulu. Siku moja aliniuliza nyumba yetu ya Uvira, kule Kongo, ilikuwaje, ili aijenge. Nikamwambia: bati jekundu, mlango wa buluu, jiko la nje, ziwa kule mbele. Akapanga, nikamsahihisha, akapangua, akapanga tena. Mwisho nikawa mraibu kuliko yeye.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayenijua. Nikitoka saluni niko hoi, nilikuwa naingia mle. Nafungua mlango, nasimama uani, basi. Hakuna mlio wa risasi, hakuna wa kuniuliza makaratasi. Mama yangu mzazi, aliyeikimbia nyumba hiyo hiyo na sasa anaishi chumba kimoja Bujumbura, nilikuwa namaliza wiki bila kumpigia. Nyumba ya mchezo haikuulizi kwa nini umekaa kimya.

Na juzi nilipojaribu kuikumbuka ile ya kweli, kichwa kiliniletea miti yenye majani ya mraba.

Leo tulipotoka kanisani, Neema akasema tumwonyeshe Koko, ndivyo anavyomwita bibi yake. Tukampigia kwa video. Neema akaielekeza simu kwenye tableti, akaanza kumtembeza: sebule, ngazi ya mlangoni, chumba nilichokuwa nalala. Mama alikuwa anacheka. "Eee, muliweka hata dirisha yenye ilivunjika!" Kichwa kikanivimba kwa furaha.

Kisha wakafika nyuma ya jiko. Pale Neema amechimba bwawa la kuogelea, na viti vya kulalia pembeni. Ni wazo lake mwenyewe. Mimi nililiona wiki iliyopita, nikacheka, nikamwacha.

Mama akasogeza uso karibu na simu.

"Na mutoto wangu," akasema, "mulimuweka wapi?"

Kwetu mtoto mchanga hapelekwi makaburini. Anazikwa nyumbani, karibu na mama yake, ili asiwe peke yake. Mdogo wangu alikufa kwa homa kabla hajaota jino. Mimi nilikuwa na miaka saba, na mgongo uliokuwa unambeba ulikuwa wangu. Baba alimlaza nyuma ya jiko. Tangu hapo, mama akifagia ua, akifika pale alikuwa anaulegeza ufagio.

Nimekumbuka rangi ya mlango. Nimekumbuka bati, dirisha, hata ngazi. Yeye sikumkumbuka. Au nilimkumbuka nikamruka. Sijui, na huku kutojua ndiko kunakonichosha kuliko vichwa vyote vya jana.

Nikamwambia, "Pole, Maman," basi. Akasema, "Haina shida, ni michezo ya batoto," kwa sauti ile anayoitumia shida ikiwepo. Akatuaga.

Neema akaniuliza, kwa Kiingereza chake, mtoto gani. Nikamwambia nitakuja kumweleza, nikajitupa hapa kitandani.

Toka hapa nilipolala namwona kaikumbatia tableti, anafukia bwawa. Tofali moja moja la udongo. Sikumwambia afanye hivyo. Hajui hata anafukia kwa nini, ameona tu uso wangu. Nimeona huruma, na nimeona aibu pia.

Lakini hata akilifukia lote, mtoto yule hayumo mle. Yuko Uvira, kwenye udongo wenyewe, na waliohamia nyumbani kwetu pengine wanamwaga maji ya vyombo pale pale, watajuaje? Baba alishafariki. Duniani tumebaki wawili tunaojua kwamba pale kuna mtu, mama na mimi, na mimi nilikuwa nimeanza kumsahau.

Jioni nitampigia mama tena, bila tableti, nimwache alie kama anataka kulia. Kabla ya hapo nitamwita Neema hapa kwenye blanketi. Nitamwambia kwa Kiswahili, kwa sababu kwa lugha nyingine sitaweza: ulikuwa na mjomba, na jina lake lilikuwa Riziki.